Vifupisho kwenye matangazo na barua: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Lamu

Ukurasa huu ni wa wanaoandika ili wengine wasome: makatibu wa vikundi, walimu, wahudumu wa afya, vijana wanaoandaa mabango ya mikutano, na yeyote anayetuma tangazo kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika barua na matangazo ya kikundi chetu, na mara nyingi zaidi nimekuwa nikiwasomea watu barua walizoandikiwa na wengine. Haya ndiyo maswali yanayonirudia. Mengine nimeyajibu kwa maneno machache kwa kuwa hayana mengi. Mengine nimekaa nayo.

Kwani kifupisho kina ubaya gani? Si kila mtu anavitumia?

Baina ya wanaokijua, hakina ubaya wowote. Watu wawili wa ofisi moja wakisema EIA wameokoa muda na wameelewana. Shida huanza pale karatasi inapotoka ofisini na kuvuka maji.

Siku moja ililetwa barua kwenye kikao cha wavuvi. Tulikuwa tumeketi barazani karibu na gati, kahawa inazunguka, nikapewa niisome. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba PAPs wote wanatakiwa kutoa maoni kuhusu EIA na RAP kupitia BMU zao ndani ya siku 14. Nikaisoma kama ilivyoandikwa. Kijana mmoja aliyekaa nyuma alisikia "papa" akauliza kama wanataka kutukataza kuvua papa. Mzee aliyekuwa mbele yangu, nahodha wa miaka mingi, aliweka kikombe chini akaniambia, "Mwanangu, hii ni barua au ni kitendawili?"

Ikabidi nieleze. EIA ni uchunguzi wa namna mradi utakavyoathiri mazingira. RAP ni mpango wa kuwahamisha na kuwafidia watu. BMU ni kikundi cha kusimamia ufuo, na hicho walikijua, maana ni chao. Na PAP ni mtu aliyeathiriwa na mradi. Kimya kikaingia. Kisha yule mzee akasema taratibu, "Kumbe hao PAP ni sisi."

Sijaisahau kauli ile. Barua ilikuwa inazungumza na watu wale wale waliokuwa mbele yangu, kuhusu maji wanayoyajua mwamba kwa mwamba, na hawakujua kwamba ndio wanaoitwa. Wahenga walisema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Hilo ni zuri katika shairi, ambapo msomaji ana usiku mzima wa kuligangua. Mwenye siku 14 za kutetea nyavu zake hana nafasi hiyo.

Kifupisho na akronimu vina tofauti?

Ipo. Akronimu husomwa kama neno: UNESCO, NEMA, BAKITA, UKIMWI. Vifupisho vingine hutajwa herufi moja moja: KWS, MCA, VVU. Vingine ni maneno yaliyokatwa katika maandishi tu, na mdomoni husemwa kamili: Bw., Dkt., uk., n.k. Kwa mwandishi tofauti hii ina faida moja kubwa, nayo ni ya masikio. Nitaifikia hapo chini.

Ni lazima niandike kirefu chake kila mara?

Mara ya kwanza, lazima. Baada ya hapo inategemea urefu wa maandishi. Barua ya ukurasa mmoja inatosha kuelezwa mara moja. Ripoti ya kurasa 40 watu hawaisomi kuanzia mwanzo, mtu hufungua ukurasa unaomhusu. Kwa hiyo eleza upya kila sura inapoanza, hata kama unajiona unarudia.

Lakini kabla ya hayo jiulize kama unakihitaji kabisa. Jina likitokea mara moja au mbili tu, kulifupisha hakukuokoi chochote. Nimeona bango lenye mistari minne na vifupisho sita, kila kimoja kimetokea mara moja. Aliyeliandika aliokoa wino, na kila aliyepita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, alisimama, akalitazama, akaenda zake.

Nikizikunjua herufi, si nimeshaeleza?

Hapana, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, hata wenye nia njema.

Chukua SHA. Ukizikunjua herufi utapata Mamlaka ya Afya ya Jamii. Msomaji ameambiwa jina, bado hajaambiwa kitu. Anachotaka kujua ni kwamba hii ndiyo ofisi ya serikali inayosimamia bima ya afya, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu tarehe 1 Oktoba 2024, na kwamba kadi yake ya zamani haimfai tena asipojisajili upya. Mtu wa Faza anayepanda boti kumleta mgonjwa hospitalini Amu, yaani mjini Lamu, anahitaji sentensi hiyo nzima. Ukimwongezea kwamba mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na kwamba mchango wa chini ni Sh 300 kwa mwezi, basi umemweleza.

Au chukua LAPSSET. Sote hapa tunaitamka Lapseti, na watoto wanaijua. Kirefu chake kinataja bandari ya Lamu, Sudan Kusini, Ethiopia na uchukuzi, basi. Maelezo yenye kufaa ni haya: ni mpango wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza la bandari likaanza kazi Mei 2021. Sasa msomaji anajua kinachozungumzwa na kimefikia wapi.

Kanuni ninayoifuata: sema jina, kisha sema kazi yake. Ukiwa na nafasi ya kimoja tu, sema kazi. "Ofisi ya bima ya afya ya serikali" inaeleweka bila herufi hata moja.

Herufi ni za Kiingereza lakini ninaandika Kiswahili. Nifanyeje?

Tanguliza Kiswahili, kisha weka herufi kama zilivyo kwenye kibao cha ofisi. Kwa mfano: Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC. Shirika la Wanyamapori, KWS. Mwakilishi wadi, MCA. Herufi hazilingani na maneno, na si neno. Msomaji anahitaji Kiswahili ili aelewe, na anahitaji herufi ili akifika pale aujue mlango.

Usitunge kifupisho chako cha Kiswahili ili herufi zilingane. Nimewahi kuona barua iliyoiita tume ya uchaguzi THUM. Hakuna kibao chochote Kenya kilichoandikwa hivyo, kwa hiyo msomaji amepewa funguo isiyo na kufuli.

Wenzetu wa Tanzania wamekwenda mbali zaidi yetu katika hili, na nawapongeza kwa dhati. Wana TEHAMA kwa teknolojia ya habari na mawasiliano, TAKUKURU kwa taasisi inayopambana na rushwa, UVIKO-19 kwa ugonjwa wa korona. Maneno hayo yana mdomo wa Kiswahili, yanatamkika. Ila usidhani msomaji wa Lamu anayajua kwa kuwa ni ya Kiswahili. TEHAMA pia inahitaji kuelezwa hapa kwetu.

Kwa nini unasisitiza sana kusoma kwa sauti?

Kwa sababu hapa kwetu tangazo husikika na watu wengi kuliko wanaolisoma. Husomwa msikitini baada ya sala, husomwa barazani, hutangazwa kwa kipaza sauti, hutumwa kama ujumbe wa sauti kwa jamaa aliyeko Kizingitini. Wapo pia wazee na akina mama wanaosoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu vizuri kabisa, kama walivyofundishwa chuoni, yaani madrasa, lakini herufi za Kizungu zinawatatiza. Hawa si wasiojua kusoma. Ukimsomea mmoja wao "i-ai-ei" unamtajia majina ya herufi za lugha nyingine, kwa alfabeti nyingine, za jina asilolijua.

Kwa hiyo kabla ya kutuma, mpe mtu mwingine akusomee maandishi yako kwa sauti, nawe usiyatazame. Sikiliza anapokwama. Je, KPA, yaani mamlaka ya bandari, anaisema "kei-pi-ei" au "ka-pa-a"? Anasoma NEMA kama neno au anataja herufi? "S.L.P." anaitamka "es-el-pi" au anasema Sanduku la Posta? Kila anapositasita, msikilizaji wako atapotea hapo hapo.

Zipo herufi zinazosikika karibu sawa, na upepo wa pwani hauna huruma: bi, di, pi, ti, vi. Mtu akitangaza kwa kipaza sauti kwamba kikao ni cha "si-di-ef", nusu ya watu watasikia "si-bi-ef". Kwenye maandishi yatakayotangazwa, andika "hazina ya ustawi wa eneobunge" hata kama ni ndefu. Mtangazaji ana pumzi ya kutosha.

Na yale yaliyo kwenye mabano? Anayesoma kwa sauti mara nyingi huyaruka. Ukiweka maana muhimu ndani ya mabano, jua kwamba barazani haitafika. Iweke ndani ya sentensi.

Vifupisho vya dawa navyo ni vya kuandika kirefu?

Hivyo kwanza kabla ya vingine vyote.

Mama yangu mdogo aliwahi kupewa tembe 15 katika bahasha ndogo, juu yake imeandikwa kwa kalamu "1x3". Mwandishi alikusudia tembe moja mara tatu kwa siku, yaani dawa ya siku tano. Yeye alisoma moja kwa siku tatu, na kwa kweli alama zile zinasomeka hivyo pia. Akameza moja kila siku, siku ya tatu akaacha. Homa iliporudi nilienda kumtazama, nikaikuta bahasha kabatini pamoja na vikombe vya kahawa, tembe 12 zimebaki. Alikuwa amezikunja vizuri kwenye kitambaa ili zisiingie unyevu. Alikuwa amefanya kila alichoambiwa.

Bahasha ile ingeandikwa hivi: "Meza tembe 1 asubuhi, 1 mchana, 1 usiku. Siku 5, mpaka ziishe." Ni maneno yasiyozidi kumi na matano.

Wauguzi wana vifupisho vyao vilivyotoka Kilatini: BD ni mara mbili kwa siku, TDS ni mara tatu, PRN ni ukihitaji. Vibaki kwenye faili lao. Hata huko si salama kila mahali. OD kwa daktari mmoja ni mara moja kwa siku, na kwa daktari wa macho ni jicho la kulia. Huko Marekani, Joint Commission, shirika linalokagua hospitali, lilitoa mwaka 2004 orodha ya vifupisho visivyotakiwa kuandikwa. Kimojawapo ni herufi U kwa maana ya yuniti, kwa sababu ikiandikwa kwa mkono hufanana na sifuri, na yuniti 4 za insulini zikasomwa 40. Kama wataalamu wanapotezana kwa herufi moja, tusimtarajie mgonjwa azigangue tatu.

Na kifupisho kimoja chenye maana mbili?

Andika kirefu, bila mjadala. Mfano wa karibu ni CS. Kwenye habari ni waziri. Kwenye wodi ya wazazi ni kujifungua kwa upasuaji. Ujumbe wa simu unaosema "CS saa nne" unaweza kumfanya mtu apange viti au atafute damu.

Vifupisho vya Kiswahili chenyewe je? Hivyo si salama?

Ni salama zaidi, lakini navyo vina mitego yake. "k.m." ni kwa mfano, na "km" ni kilomita, nukta mbili ndizo zinazotenganisha. "K.K." ni kabla ya Kristo, na mtu asiyezoea vitabu vya historia hana namna ya kuijua. Maneno "kwa mfano" na "na kadhalika" si marefu hivyo. Mimi huyaandika yote.

Mtego wa hapa kwetu hasa ni "Sh." Mbele ya tarakimu ni shilingi, mbele ya jina ni Sheikh. Kwenye tangazo la mchango wa msikiti vyote viwili hukutana mstari mmoja, "Sh." tatu mfululizo, na msomaji wa kigeni kwa mji huu hubaki akihesabu. Andika Sheikh kamili. Ni heshima yake pia.

Je, naweza kuandika s.a.w. baada ya jina la Mtume?

Wengi huandika hivyo, na msomaji Mwislamu anajua aseme nini. Lakini maulamaa wengi tangu zamani hawakupenda sala ya Mtume ifupishwe, walitaka iandikwe yote. Kama waandishi wa zamani waliokuwa wakinakili kwa mkono, kwa wino wa kujitengenezea, waliona vyema kuandika yote, sisi wenye simu hatuna udhuru mkubwa. Kwa msomaji asiye Mwislamu, eleza mara moja kwamba ni maneno ya kumtakia Mtume rehema na amani.

Saa na tarehe zinaingiaje hapa?

Zinaingia kupitia a.m. na p.m., na zinakosesha watu boti. "2 p.m." ina tarakimu 2, na jicho la Mswahili likiona 2 linasema saa mbili. Andika saa nane mchana. Boti ya Mokowe ya "7 a.m." ni saa moja asubuhi, ukiandika "7 a.m." peke yake utamkuta mtu gatini saa saba, jua la utosi, na mzigo wake.

Tarehe nazo zina jambo. Maulidi ya Mtume ni tarehe 12 Mfungo Sita. Ukikata ukaandika 12/6, mgeni kutoka Nairobi ataweka kwenye kalenda yake tarehe 12 Juni. Andika jina la mwezi, na mwaka wa Hijria uufuatishe neno Hijria badala ya H peke yake. Halafu ongeza tarehe ya kalenda ile nyingine, kwa sababu ndiyo mgeni anayokatia tiketi.

Kifupisho kinafuata ngeli gani?

Kinafuata ngeli ya neno kuu la kirefu chake. IEBC ni tume, basi IEBC imetangaza. UKIMWI ni upungufu wa kinga mwilini, basi UKIMWI unatibiwa. VVU ni virusi, basi VVU vinaambukizwa, ingawa wengi husema "VVU inaambukizwa". MCA ni mtu, basi MCA wetu amefika. Wingi wake mitaani ni "ma-MCA", na kwenye mazungumzo hakuna anayepotea, lakini kwenye barua andika wawakilishi wadi.

Napenda swali hili kwa sababu hukufichulia ukweli wako mwenyewe: ukishindwa kupata ngeli ya kifupisho ulichokiandika, ina maana hata wewe hujui kinasimamia nini. Mimi nimejikamata hivyo zaidi ya mara moja, nikalazimika kupiga simu kuuliza kabla ya kuendelea.

Vipo ambavyo havihitaji maelezo?

Vipo. TV, SIM, ID, TB. Hivi vimeshakuwa maneno. Bibi aliyeko Matondoni anasema "tibii" na anajua kliniki yake iko wapi. GPS ni mfano mzuri zaidi. Mvuvi anaitumia kila usiku kurudi kwenye mwamba wake, na ukimkunjulia herufi zile hutamwongezea kitu. UKIMWI wengi sasa huuandika kwa herufi ndogo, ukimwi, kama neno jingine lolote.

Kipimo changu ni hiki: je, mtu asiyefanya kazi hii wala kuishi na anayeifanya anakitaja mwenyewe katika mazungumzo yake? Kama anakitaja, kiache. Kama anakisikia tu kwa wengine, kieleze. BMU inapita kipimo hicho gatini, haipiti sokoni. Kwa hiyo angalia tangazo linakwenda wapi.

Kwenye tovuti kuna njia ya kuweka maelezo yaliyofichika?

Ipo tagi ya abbr katika HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, ambayo huficha kirefu nyuma ya kifupisho na kukionyesha mtu akiweka kishale cha kipanya juu yake. Ni nzuri kwa kompyuta. Wasomaji wetu karibu wote wanatumia simu, na kidole hakina kishale, kwa hiyo maelezo hayo hawayaoni. Programu zinazowasomea wasioona nazo mara nyingi huyaruka zisipopangwa kuyasoma. Miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, ya kufanya tovuti zifikiwe na wote inataka pawe na njia ya kupata kirefu cha kifupisho, ingawa inaliweka sharti hilo katika daraja la juu kabisa, AAA, ambalo tovuti nyingi hazijilazimishi kulifikia. Ushauri wangu: tumia tagi ukipenda, lakini kirefu kiwe ndani ya sentensi, wazi.

Nikiweka orodha ya vifupisho mwishoni inatosha?

Katika ripoti ndefu ni msaada, iweke. Haitoshi peke yake. Anayesikiliza hawezi kufungua ukurasa wa mwisho, na nakala zinazofika vijijini mara nyingi zimekatwa kurasa kwa sababu fotokopi ni pesa.

Nimepokea barua ya serikali na sielewi herufi zake. Naona haya kuuliza.

Haya hiyo naijua. Tunaambiana kuuliza si ujinga, lakini mbele ya maafisa na wazee wenzake mtu mzima huona afadhali anyamaze, atikise kichwa, atie sahihi. Ndiyo maana mzigo nauweka kwa mwandishi. Hata hivyo una haki zako, na ni vyema uzijue.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inakuruhusu kuomba kwa Kiswahili. Kama huwezi kuandika, afisa anatakiwa akusaidie na aliandike ombi lako. Unatakiwa kujibiwa ndani ya siku 21.

Na haki hizi si za makaratasi tu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kesi ya watu wa Lamu kuhusu ujenzi wa bandari. Ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh bilioni 1.76, na ikakuta kwamba, miongoni mwa mengine, haki yao ya kupata habari za mradi ilivunjwa.

Ukiuliza, usiulize "hii ina maana gani" kwa jumla, kwa maana utajibiwa kwa vifupisho vingine. Weka kidole juu ya herufi na uulize mambo mawili: hawa ni nani, na wananitaka nifanye nini?

Unaweza kutuonyesha barua iliyorekebishwa?

Ile ya barazani niliiandika upya usiku ule ule, kwa idhini ya wazee, nikaisoma kesho yake:

"Kwa wavuvi na wakazi wote watakaoguswa na mradi huu. Wataalamu wamechunguza namna mradi utakavyoathiri bahari na mazingira. Upo pia mpango wa kuwahamisha na kuwafidia watakaopoteza sehemu zao za kuvua au ardhi. Mnaombwa kusema maoni yenu juu ya mambo hayo mawili. Mpelekeeni katibu wa kikundi chenu cha kusimamia ufuo, kwa mdomo au kwa maandishi, ndani ya siku 14."

Barua ilikuwa imerefuka kwa mistari mitatu. Safari hii aliyezungumza kwanza alikuwa yule yule nahodha. "Siku kumi na nne," alisema, "zinahesabiwa tangu lini?" Nikaitazama karatasi ya asili, mbele na nyuma. Haikuwa na tarehe. Wakachaguliwa watu watatu, wakapanda boti ya saa nane kwenda kuiulizia.